Mama Mzima Nimemfanya Mgonjwa Ili Nikasome Iringa

Admin, naomba unifichie jina, na kampuni usiitaje, maana wenzangu wa kazini wanaufuata ukurasa huu. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na minne, mzaliwa wa Iringa, naishi Ilomba hapa Mbeya na mke na watoto. Nasimamia mauzo kwenye kampuni inayonunua mchele Rujewa na kuusambaza mikoani. Ofisini naitwa Bosi, kanisani nakaa mabenchi ya mbele. Mnivumilie kwa urefu, nina aibu na sijui pa kuipeleka.

Mambo yalianza siku niliyotambulishwa ukweni. Mshenga wetu, marehemu sasa, alikuwa na mdomo mtamu. Akawaambia wakwe zangu kwamba kijana ana digrii ya biashara. Mimi nilikuwa na stashahada tu. Nikaona nikimkosoa mbele ya wazee namwaibisha, na binti naweza kumkosa, basi nikatazama chini. Ndoa yetu imekaa juu ya ukimya ule mpaka leo. Mke wangu huwaambia watoto, "Someni kama baba yenu," nami hujifanya natafuta rimoti.

Mwaka jana mkurugenzi aliniambia umeneja wa kanda ni wangu nikipata digrii. Nikaanza kutafuta programu ya biashara kwa watu walio kazini. Hapa Mbeya ipo nzuri, ya jioni, ningetoka ofisini nikaingia darasani. Lakini vijana wangu wa mauzo wanasoma palepale, na mdogo wa mke wangu anafundisha hapo. Ningeupitaje mlango ule na begi mgongoni? Nikachagua ya Iringa mjini, ya wikiendi, ya gharama zaidi na safari ndefu. Niliichagua kwa sababu moja tu, hakuna ambaye angenijua.

Sasa nyumbani niseme nini? Nikasema mama yangu anaumwa. Mama anaishi kijijini, upande wa Kilolo, mkoa huohuo wa Iringa, mzima kabisa, bado analima mwenyewe.

Jamani, mke wangu alinihurumia mpaka nikajichukia. Akasema tumlete Mbeya tumhudumie, nikasema mama hataki kuacha nyumba yake. Akasema twende wote, nikasema watoto watabaki na nani. Basi kila safari akawa ananifungia unga wa lishe wa mgonjwa, ameukaanga na kuusagisha mwenyewe. Unga ule nilikuwa nampa dada wa mapokezi pale gesti ninapolala. Kwa mama sikuwa nafika. Jumamosi nipo darasani, Jumapili mchana nawahi basi.

Na masomo nayapenda, hilo ndilo linaloniuma. Mwalimu ni mdogo kwangu sana, huniambia, "Mzee wangu, tueleze huko sokoni mnapangaje bei," na nikieleza darasa zima linanyamaza. Natoka pale natamani kumpigia mke wangu nimsimulie, halafu nakumbuka kwamba muda huo natakiwa niwe namgeuza mgonjwa kitandani.

Kina mama wa jumuiya yetu ya kanisani wakasikia mama mkwe wa mwenzao hainuki. Mnajua hawa wakisikia mgonjwa hawakai. Wakachanga mchele na sukari, wakakodi gari aina ya Noah, wakamchukua mke wangu wakaenda bila kuniambia, eti wanishtukize kwa furaha. Ilikuwa Jumamosi, simu yangu nimeizima niko darasani.

Walimkuta mama anatoka shambani na jembe begani. Mke wangu akapiga magoti, "Shikamoo mama. Pole na kuumwa, kumbe umeshaanza kunyanyuka?" Mama akamtazama, akawatazama wale kina mama na mizigo yao, akaegesha jembe ukutani. Akasema, "Marahaba mwanangu. Leo nina nafuu kidogo." Mke wangu akauliza kama ule uji aliupenda. Mama akasema aliupenda sana. Akauliza nilipo, mama akasema nimekwenda mjini kumtafutia dawa. Wakamlaza, wakamwekea mikono, wakamwombea. Haya yote mke wangu alinisimulia huku analia kwa furaha.

Mama alinipigia kesho yake. "Nimeombewa ugonjwa nisiokuwa nao. Nimedanganya watu waliopiga magoti nyumbani kwangu. Una mwanamke huku Iringa?" Nikamwambia ukweli wote. Akasema, "Watu wanaficha wizi, wanaficha wanawake. Wewe unaficha shule?"

Akaendelea, "Mimi kwenye meza ya Bwana siendi na uongo huu mdomoni. Nitakwenda siku utakayomwambia mke wako." Nilifikiri ni hasira, zitapoa. Hazijapoa.

Nilipojikaza nimwambie, mke wangu akawa ameshanitangulia. Jumapili niliyokuwa sina darasa, alisimama mbele ya usharika wetu akatoa ushuhuda kwamba mama mkwe alikuwa hoi, wameomba, na sasa anatembea. Watu walipiga makofi, nami nikapiga. Nikisema leo, nimemfanya mwongo mbele ya kanisa zima, na wale kina mama hawatamtazama tena vilevile. Na bado nitalazimika kumweleza habari ya digrii. Nikinyamaza, namaliza masomo bila mtu kujua, na umeneja naupata.

Lakini juzi jirani wa mama amenipigia simu. Anasema wenzake wote wakinyanyuka kwenda kupokea Chakula cha Bwana, mama yangu anabaki amekaa peke yake, mzee wa watu ambaye hajawahi kutengwa maishani mwake. Waumini wameanza kumuuliza ametenda dhambi gani. Mama anawajibu kwamba ni yake na Mungu wake.

Ndugu zangu, mke wangu nimwambie vipi? Nishaurini, nifanye nini?