Ushuhuda Wangu Juu ya Paka wa Mama Anyesi

Kosa ni langu, ndugu zangu, na sina wa kumsukumia. Jina langu sitaliweka hapa, maana mtaa wetu wa Naviundu ni mdogo na maneno yana miguu.

Mimi ni msusi, nasukia watu nyumbani kwangu. Jirani yangu alikuwa Mama Anyesi, mjane wa mfanyakazi wa reli, Mkatoliki wa misa ya asubuhi. Alipika miaka mingi kwa injinia mmoja mgeni wa mgodini. Injinia aliporudi kwao, alimwachia paka wake.

Paka huyo hakuwa na manyoya. Ngozi tupu, mikunjo kwenye paji la uso, masikio makubwa. Siku ya kwanza kumwona nilitoka mbio.

Mama Anyesi alicheka mpaka akakaa chini. "Mutoto yangu, usiogope. Huyu pushi haiko mugonjwa. Kuko aina ya pushi banazaliwa vile. Kuya umushike."

Nilimshika. Alikuwa na joto kama mkate mpya. Tangu hapo nikawa nasaidia kumwosha kila Jumamosi, kwa sababu mafuta ya ngozi, ambayo kwa paka wengine hushikwa na manyoya, kwake yaliganda mwilini. Maji yalitoka ya kahawia. Masikio tuliyafuta kwa pamba, nayo ikatoka nyeusi. Jua lilimuunguza, basi mchana alikaa ndani. Baridi ya mwezi wa sita ilimtetemesha, basi alivaa sweta la mtoto, akalala kitandani kwa mama, na akala kuliko paka wengine ili apate joto. Yote hayo nilielezwa, nikayaelewa vizuri.

Mwaka huu binti yangu Plamedi, wa miaka sita, akaanza kunyonyoka nywele. Kiraka kimoja, kisha vitatu, mviringo kabisa. Mama mkwe alikitazama kichwa, kisha akanitazama mimi.

"Mutoto akitoka nywele hivi," alisema, "mama yake njo wa kuulizwa."

Alimaanisha kwamba mimi ndiye mchawi wa mwanangu, nami niliogopa sana. Neno hilo likifika kwa ukoo wa mume wangu, ningerudishwa kwetu bila mtoto.

Jumapili, kwenye chumba cha maombi, mchungaji akauliza nani ana ushuhuda. Nikasimama.

Sikusema uongo hata mmoja. Nilisema jirani yangu ana mnyama asiye na manyoya. Anamvika nguo za mtoto. Analala naye. Anamficha jua lisimwone. Kila Jumamosi anamwosha, na maji yanatoka na rangi. Na mtoto wangu ananyonyoka nywele. Kwamba mikono yangu pia ilikuwa ndani ya beseni lile, hilo nililimeza.

Kisha mama mmoja huko nyuma akasema polepole, "Ile ni bulozi." Uchawi. Mama mkwe akaniwekea mkono begani, mara ya kwanza tangu niolewe, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Katikati ya wiki mtu alichora msalaba wa makaa kwenye mlango wa Mama Anyesi. Alhamisi mchana vijana wa maombi wakavunja dirisha lake. Nilikuwa namsuka mteja, na sikuinua kichwa. Mimi na yeye tulimkuta paka mtaroni, amekufa, bado amevaa sweta. Mama Anyesi akaenda Kipushi kwa dada yake na mfuko mmoja. Alinikumbatia akilia. "Weye tu njo haukunitupa," aliniambia.

Wiki mbili baadaye nilimpeleka Plamedi zahanati. Muuguzi akasema ni mashilingi, ugonjwa wa ngozi unaopita kichwa hadi kichwa. Akaniuliza nani anamsuka, na kwa kitana gani. Kitana kilikuwa changu, kile kile ninachochania wateja wote, na sikumbuki lini nilikiosha. Watoto wawili wa wateja wangu walikuwa na viraka vile vile.

Jumapili iliyofuata nilisimama tena, nikasema yote, hata beseni. Walinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, yule mama wa nyuma akasema, "Kumbe na weye ulikuwa unamushika."

Sasa Plamedi analala kwa mama mkwe. Wateja hawaji. Watu wananisalimia kwa upole mno, na upole huo unanitisha kuliko matusi.

Jana Mama Anyesi alipiga simu, amechoka kukaa kwa watu, anarudi Jumamosi. "Bantu bamesha poa?" aliuliza. Nikamwambia hapana, na kwamba aliyeanzisha ni mimi. Yeye akauliza, "Na mutoto, nywele inaota?"

Nilimsihi asirudi. Alisema nyumba ni yake, marehemu aliijenga kwa mikono yake, naye hakuiba kitu cha mtu.

Ninyi mnaosoma, mkiona kiumbe msichokijua, ulizeni. Na mkishajibiwa, msijifanye hamkusikia siku mnayotafuta wa kumtwika aibu yenu. Mimi nimewasihi wale vijana wa maombi mara mbili wamwache arudi kwa amani, na mara zote wameniitikia "ndiyo, mama" bila kunitazama. Tangu asubuhi wamekaa mbele ya mlango wake, wanakula miwa na kuongea kwa sauti ya chini. Leo ni Ijumaa.