Dirisha Lenye Sofa

Alhamisi nilikuwa ofisi ya biashara mjini Migori, ambako mageuzi ya uchumi yametuletea dirisha jipya la wawekezaji wa kigeni. Lina sofa, maji ya chupa na karani anayetabasamu. Dirisha letu lina benchi.

Mama mmoja, mfanyabiashara wa dagaa wa omena kutoka Karungu, tulikuwa naye kwenye benchi tangu asubuhi, akingoja kibali cha kujenga banda la kukaushia. Akachoka, akahamia sofa.

"Mama, hapa ni pa wawekezaji," karani akamwambia.

"Si hata mimi nawekeza, nyathina, mwanangu? Banda langu litaajiri wamama tisa."

"Umetoka nchi gani?"

"Karungu."

Tabasamu likaisha. Chupa ya maji ikarudi chini ya meza.

Mama akasimama, akakaza leso kiunoni. "Basi kesho navuka mpaka pale Isebania, nikunywe chai Tanzania, nirudi nikiwa mgeni."

Nilidhani karani atacheka. Alifikiri kidogo, akasema kwa heshima zote: "Ukirudi, usipange foleni. Njoo hapa moja kwa moja."

Mageuzi nimeyaelewa. Nami sasa natafuta nauli ya kwenda kuwa mgeni.