Doha, kwa Ajili ya Ng'ombe wa Shabani

Mwaka 2015 Shabani, mtoto wa marehemu mdogo wangu, alinipigia simu kutoka Doha, alikokuwa akiendesha magari ya wageni. Alitaka kuacha kazi arudi Tanga kufuga ng'ombe wa maziwa. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa ushirika wetu wa maziwa mpaka ulipokufa. Nikaona kumkataza kwa simu hakutoshi. Nikakubali tiketi aliyonikatia.

Ndani ya ndege niliyapanga maneno yangu: maziwa ya unga ya Ulaya yaliua ushirika, yatamuua na yeye.

Doha ilinipokea kwa joto la sufuria iliyofunuliwa. Shabani alinipeleka chumbani kwao, eneo la viwandani, penye vitanda vya ghorofa. Mwenzake Wafula, Mkenya, askari wa lindo, alinipisha kitanda cha chini.

"Mzee, umekuja kumletea ng'ombe ama kumzuia? Maana huyu akilala anakamua, na mimi ndio nalala chini yake!"

"Kumzuia," nikasema.

Shabani hakucheka.

Asubuhi ya pili tulikwenda West Bay, mtaa wa mahoteli makubwa, kumchukua mgeni wa hoteli, Kees, mfugaji mzee wa Kiholanzi aliyekuja kufunga mashine za kukamulia kwenye zizi moja jangwani. Aliniruhusu niende nao. Kiingereza changu cha sekondari kilitosha kumwambia kwamba unga wao ulituua. Hakubisha.

"Baada ya vita tulikuwa tumeijua njaa," alisema. "Serikali zetu zikaahidi kwa pamoja kununua kila tunachozalisha, kwa bei isiyoshuka. Wewe ungefanyaje?"

"Ningekamua."

"Tulikamua. Maghala yakajaa siagi na unga, vikauzwa kwenu kwa bei ya kutupa. Baadaye kila mfugaji akawekewa kikomo cha maziwa, ukikipita unatozwa. Nikauza nusu ya ng'ombe. Halafu malipo ya serikali yakahamishiwa kwenye ukubwa wa shamba badala ya wingi wa maziwa. Mwaka huu kikomo kimeondolewa, bei imeanguka tena. Ninyi mlilipanaje?"

"Bei moja, masika na kiangazi. Tulipokea yote."

"Na masika, maziwa yakizidi?"

Hapo nikakumbuka. Masika maziwa yaliyozidi tuliyamwaga mtaroni, na wafugaji tuliwalipa vilevile. Kiangazi wachuuzi walitoa bei nzuri zaidi, wanachama wakawafuata, kiwanda cha ushirika kikabaki na madebe matupu. Pendekezo la bei moja lilikuwa langu. Nilipigiwa makofi. Unga ulitukuta tumeshadhoofika.

Jioni, chumbani, nilimweleza Shabani yote.

"Baba Mkubwa, miaka yote umetuambia ni Wazungu."

"Wamo. Lakini nilianza mimi."

"Kwa hiyo nirudi?"

"Rudi. Bei ya masika isiwe ya kiangazi. Na mkianzisha ushirika msinichague."

"Kwani nani alisema atakuchagua?"

Wafula alicheka mpaka akashika ukuta.

Nilirudi Tanga baada ya wiki, na Shabani akafuata mwaka uliofuata. Nilichojifunza ni kwamba Ulaya walihangaika miaka mingi kuirekebisha ahadi yao. Mimi yangu, ile ya bei moja, sikuigusa, kwa kuwa nilikuwa na wa kumlaumu.

Wafugaji wa Tanga walipokutana kuanzisha ushirika upya, niliomba kusema kabla bei haijajadiliwa. Nikasema kama nilivyomwambia Shabani. Mzee mwenzangu mmoja, aliyeuza ng'ombe wake wote ushirika ulipokufa, alinyanyuka, akavaa kofia yake, akatoka. Sikumwita.