Kandili ya Kasuku

Watu wa Makindu wa rika langu wakikutana nami huniuliza habari za ndege kabla ya habari za watoto. Wengine wanauliza wakicheka, wengine wanaangalia chini. Nawajibu wote sawa, lakini sijasahau nani alikuwa upande gani.

Mimi ni mtu wa Zombe. Shule niliiacha darasa la tatu, na kazi yangu ya kwanza duniani ilikuwa kufukuza ndege. Aliyekulia Ukambani hahitaji kuelezwa. Mawele yakianza kukomaa, mtoto anapandishwa kwenye jukwaa katikati ya shamba kabla jua halijatoka, ana kombeo na mawe, na anapiga kelele mpaka koo linakauka. Nilikuwa hodari. Mama alikuwa akisema ndege wa shamba letu walihamia kwa majirani kwa kuniogopa. Kwa hiyo mtu asifikiri nilizaliwa na huruma ya ndege.

Makindu nilifika na suruali moja. Kalasinga mmoja mwenye gereji kando ya barabara ya Mombasa alinipa kazi ya kuosha spana. Nikaosha, nikajifunza kuchomelea, nikajifunza kununua vyuma vikuukuu kwa bei ya taka na kuviuza kwa bei ya vyuma, na miaka ya themanini ilipoingia nilikuwa na duka langu la mabati, misumari na saruji, na nyumba ya mawe nyuma yake. Ukisikia mtu anasema alinisaidia, muulize alinisaidia na nini.

Yule Kalasinga alipozeeka aliamua kuwafuata watoto wake ng'ambo. Aliuza kila kitu isipokuwa ndege wawili, ambao alinipa mimi, si wale jamaa zake waliokuwa wakiwatolea macho. Walikuwa kasuku wadogo wa Australia, mwili kijivu, uso wa njano, shavuni doa jekundu kama la bibi arusi aliyepakwa rangi, na kichwani kishungi kinachosimama ndege akishtuka. Dume lilijua kupiga mluzi. Jike lilikuwa kimya, lakini ndilo lililopanda begani kwangu siku ya kwanza. Mke wangu alitazama, akauliza wanapikwa na nini.

Mzee wa watu hakuniambia neno juu ya usiku. Hakuwa na hila. Kwake taa ya ukumbini haikuzimwa, kwa hiyo hakujua kwamba kuna la kuambiwa. Mimi nilizima kandili kama kila mtu. Katikati ya usingizi tukasikia kishindo sebuleni, mabawa yanapiga vyuma, mlio kama wa mtoto anayeungua. Nilitoka na panga nikijua ni nyoka. Hakuwepo nyoka. Ndege wamesimama kila mmoja pembe yake, vishungi juu, wanahema mdomo wazi, na jike linachuruzika damu bawani. Mke wangu, huyo aliyeuliza habari za kuwapika, alichota unga wa mahindi akaubandika pale penye damu hadi ikakata.

Nilikaa nao nikifikiri. Na jibu nililipata kwenye lile jukwaa la Zombe. Ndege haogopi kitu, anaogopa asichokiona. Ukirusha jiwe anakuona, anaruka, anatua mti wa pili, maisha yanaendelea. Lakini huyu wa kwenye kizimba, panya akikwaruza gizani au lori likimulika dirisha, anaruka na hajui mti wa pili uko wapi. Anagonga chuma, anarudi, anagonga tena, mpaka ajiue. Maisha yangu yote ya utoto nilikuwa najifunza kazi hii, ila kinyume.

Nikaitengeneza. Kizimba nilikitoa dirishani nikakiegemeza ukutani. Nilikifunika kitambaa pande tatu, upande wa nne nikauacha wazi ili waone mlango. Kengele aliyowawekea Kalasinga niliing'oa. Panya niliwatega. Na kandili nikaiwasha usiku kucha, utambi chini kabisa, si chumbani mwao maana moshi wa mafuta ya taa unawaua, bali ukumbini, mlango ukiwa umefunguliwa kidogo. Wakalala. Nani alinifundisha? Hakuna.

Sasa nifike kwa jirani yangu.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka lingine la mabati. Mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa letu, mtu wa kushika Biblia kwapani hata akienda kununua nyama. Aliniita ndugu. Alikuwa na mbwa wa rangi ya kahawia aliyemfuata kila mahali, na alimwita kwa mluzi wa namna yake: mmoja mrefu, miwili mifupi, wa mwisho ukipanda. Mji mzima uliujua.

Siku moja alinikuta nafungua duka akaniuliza, "Ndugu, mbona taa yako hailali?"

Nilimwambia ni ya ndege. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia alichokuja kusikia.

Baada ya hapo maneno yakaanza kutembea. Kwamba nafuga majini. Ungetaka dalili gani zaidi? Mtu wa darasa la tatu ana nyumba ya mawe. Ndani kuna kitu kimefunikwa kitambaa. Usiku hupigapiga mabawa na kulia kama mtoto. Taa haizimwi, na mchana kinalishwa mawele ambayo binadamu wanayatafuta. Wengine walisema majini hayo niliyanunua Mombasa, wengine kwamba yule Kalasinga alinipa kwa sababu yalikuwa yamemshinda. Wateja wakaanza kuvuka barabara. Kanisani benchi letu likawa na nafasi kubwa. Mama alitumwa na ukoo kutoka Zombe, akafika na vumbi lake, akakitazama kizimba kwa muda mrefu.

"Mwana wakwa," akaniambia, "ndege ni wa kufukuzwa."

Nikamwonyesha jike linavyolala, mguu mmoja juu, mdomo umefichwa mgongoni. Akasema basi angalau nizime taa, watu wanyamaze. Ndiyo ilikuwa bei yenyewe: nizime taa nirudishiwe jina langu, au niiache wale wawili waishi. Nilimsindikiza mama kwenye basi, nikarudi, nikaongeza mafuta.

Mawe yalikuja msimu wa kiangazi, usiku usio na mwezi. Kama umewahi kulala chini ya mabati unajua jiwe moja linasikikaje. Haya yalikuwa mengi. Kandili ilisaidia nini hapo? Nilipofika sebuleni dume lilikuwa limeng'ang'ania vyuma, na jike lilikuwa chini, bawa limegeuka. Unga haukufaa kitu. Lilikufa mkononi mwangu, jepesi kuliko bahasha.

Nikiwa nimelishika vile, nje kimya kimerudi, nikasikia mluzi nyuma ya ukuta wangu. Mmoja mrefu, miwili mifupi, wa mwisho ukipanda. Mbwa alikuwa amebaki ndani ya uwanja wangu akinusanusa, na mwenyewe alikuwa anamwita waende nyumbani.

Mke wangu alilia, akasema yule ndege aliyebaki tumpe mtu mwingine. Rafiki zangu walinitajia mganga wa upande wa Mutomo, hodari kabisa. Nikawaambia mganga angekula mbuzi wangu, na mbaya wangu angekula usingizi. Polisi ningewaambia nini, nimesikia mluzi? Mimi nilitaka kitu kizuri kuliko hivyo. Nilitaka kisasi ambacho yeye mwenyewe angekuwa akijiletea kila siku, kwa mdomo wake.

Kila asubuhi kabla ya chai nilikaa mbele ya dume nikapiga mluzi ule. Mmoja mrefu, miwili mifupi, wa mwisho ukipanda. Ndege mpweke anajifunza haraka, maana hana mwingine wa kuongea naye. Mwanzo aliinamisha kichwa tu. Kisha akashika ule mrefu. Mvua zilipokatika alikuwa nao wote, safi kuliko mwenyewe, maana huyu ana meno yote ya muziki na yule alikuwa na pengo.

Nikangoja siku ya soko. Nikakitoa kizimba bila kitambaa, nikakitundika barazani pa duka, kila mtu aone majini yangu yana manyoya na yanakunya. Jirani alikuwa kwake ng'ambo, amekaa na wateja, mbwa miguuni. Ndege akanyoosha shingo, akapiga.

Mbwa akasimama. Akamtazama bwana wake, akatazama barabara, akavuka. Chini ya kizimba nilikuwa nimeweka mfupa wa ng'ombe wenye nyama. Jirani akapiga mluzi wake. Mbwa akainua sikio. Ndege akajibu, kwa nguvu zaidi, na mbwa akaendelea kutafuna. Mluzi ng'ambo, mluzi huku. Soko likaacha kununua. Wanawake wa vitunguu walikuwa wameshika mbavu.

Akavuka mwenyewe, Biblia kwapani, jasho usoni. "Mwambie ndege wako anyamaze."

"Mzee," nikamwambia, "jini haliambiwi."

Watu wakacheka. Lakini fundi mmoja wa kujenga, mteja wangu wa zamani aliyekuwa amehamia kwake, hakucheka. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayehesabu matofali, ndege huyu amejulia wapi mluzi wa mzee, na kizimba kilikuwa ndani miezi yote.

"Huyu hana shule kama mimi," nikasema. "Anasema alichosikia. Na nyuma ya ukuta wangu, usiku ule wa mawe, tulisikia kitu kimoja."

Jirani alifungua mdomo, na ndege, Mungu amweke, akapiga ule mluzi wa mwisho unaopanda. Mke wa jirani, aliyekuwa amesimama mlangoni kwao, aligeuka akaingia ndani.

Wateja walirudi mmoja mmoja, na kila mmoja nilimpandishia bei kidogo ya misumari. Mbwa hakurudi kabisa. Aliamua kulala ukumbini, kando ya kandili, kati ya mlango na ndege. Toka hapo hakuna mkono uliookota jiwe karibu na ukuta wangu, na yule dume akaishi miaka mingi bila kupoteza unyoya usiku.

Pasta alikuja kunisihi. Alisema nimsamehe mzee, na nimrudishie mbwa wake. Nilimkaribisha chai. Nikamwambia kusamehe nitasamehe, siku nitakayoamka sikumbuki uzito wa lile jike.

"Na mbwa?" akauliza.

"Mbwa hajafungwa kamba, pasta. Akimtaka, ampigie mluzi."

Jioni hiyo jirani alijaribu, kutoka kwenye baraza lake ng'ambo. Nilikuwa nakata utambi wa kandili. Mbwa aliinua sikio moja, akageukia kizimbani kusikiliza kama ndege naye atapiga, akalala.