Diwani Mbele ya Mashine za Kamari

Diwani yule huzungumza kwa sauti ya chini, viganja vyake vimelala mezani, hata wenzake wanapofoka. Jioni ile baraza la mji lilijadili kuiomba serikali ya jimbo la Victoria, Australia, ipunguze saa za kuchezesha mashine za kamari. Darrell, meneja wa klabu ya mji yenye mashine hizo, akawakumbusha kwamba klabu ndiyo inayowanunulia watoto jezi za michezo.

"Jezi nzuri, Bwana Darrell," diwani akajibu taratibu. "Ila wanaozilipia ni mama zao, kwenye mashine zako."

Hoja ikapita. Glenys, karani wa baraza, akamfuata nje ampongeze, akamwona akivuka barabara na kuingia klabuni. Alipoingia naye, alimkuta ameketi kando ya mwanamke aliyeikodolea mashine macho.

"Dada, twende nyumbani."

"Bado kidogo, mdogo wangu."

Diwani akapakata mkoba wa dada yake, akangoja. Glenys akageuka, akaondoka bila kumpongeza.