Kijiji Chini ya Ramani

Nthatuoa Ramaqele alipoteza macho kwa homa ya uti wa mgongo, miaka michache baada ya bwawa kumeza kijiji chao cha Ha Lesenya, kule milimani. Ukubwani alipata kazi mjini Maseru: kupima tovuti kwa kibodi peke yake, huku kompyuta ikimsomea skrini masikioni.

Siku moja alipewa ramani ya mabwawa. Mara ya kwanza ilimgomea kabisa.

"Abuti Lebajoa, kaka yangu, hii ramani yako ni ukuta," alimwambia mwenzake aliyeitengeneza. "Wenye kipanya wanaingia, mimi nabaki nje na mbwa."

"Usinitukane mapema hivi, ausi, dada yangu." Lebajoa akaiandika upya kwa HTML ya siku hizi, lugha ya kurasa za tovuti, kila mahali pakawa kitufe cha kweli kinachofikiwa kwa kibodi.

Nthatuoa akabonyeza Tab, ya kuruka kitufe hadi kitufe. Sauti ikataja mji, ikataja mwingine, kisha ikasema: "Ha Lesenya."

Akamwita Lebajoa. "Unaona nini hapo?"

"Maji tu. Buluu tupu."

Akabonyeza tena. Chemchemi. Kanisa. Kitufe. Makaburi. Kisha chemchemi tena. Akajaribu kurudi nyuma, akajaribu kutoka. Sauti ikamzungusha palepale.

"Sitoki. Lebajoa, sitoki!"

Kati ya kanisa na makaburi palikuwa na nyumba moja tu, ya kwao. Alipofika kwenye kile kitufe kisicho na jina, akabonyeza Enter.

"Imefunguliwa," ikasema sauti, kisha kimya. Baridi ikampanda miguuni kama aliyeingia mtoni.

Lebajoa akachimbua ndani ya ramani. Majina ya ramani ya zamani yalibaki chini ya tabaka la maji. Macho hayakuyaona, kibodi iliyafikia. Akaongeza neno moja jipya la HTML, linalozima vyote vilivyofunikwa. Majina yakanyamaza. Kile kitufe hakujua kimetoka wapi.

Jumapili Nthatuoa akamsimulia mama yake. Mwiko ukasimama sufuriani.

"Na uliifunga?"

"Nini, 'm'e?"

"Nyumba. Mifupa ya bibi yako hatukuihamisha, mwanangu. Bado yuko kule."

Jumatatu akamwomba Lebajoa ayaamshe majina kidogo.

"Umerogwa?"

"Fanya tu, abuti."

Akapita chemchemi, akapita kanisa, akabonyeza Enter kwenye kile kitufe.

"Imefungwa."

Alivua hedifoni, ndipo akamruhusu Lebajoa kuyazima majina tena. Akayazima, na safari hii hakutia utani.