Habari Zimfikie Wekesa wa Kisumu

Nakumbuka Jumapili moja ya mwezi wa saba, mwanangu, nikiwa kijana wa miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimeketi kitandani chumbani kwangu mtaa wa Tuwan, Kitale, na rafiki yangu Ndiema, daftari katikati yetu, tukipanga safari ya bahari. Usicheke. Najua nyinyi mnadhani mambo ya kupanda mawimbi yalianza na simu zenu. Ndiema, mtoto wa Mlima Elgon, alikuwa amefanya kazi miaka miwili katika hoteli ya pwani, na huko wageni walimfundisha kusimama juu ya ubao na kuteleza na wimbi. Aliporudi Kitale na mbao mbili kuukuu walizomwachia, nilimsumbua mpaka akanipeleka pwani likizo mbili mfululizo, akanifundisha.

Safari hii ya tatu ilikuwa kubwa. Kulikuwa na kisiwa kimoja upande wa Lamu ambako mawimbi hayavunjiki ufukweni, yanavunjika mbali kabisa, juu ya mwamba wa matumbawe, na kufika huko ni lazima ukodi mashua. Mahali kama hapo hakuna mchezo. Maji yakipwa, mwamba uko karibu sana na tumbo lako, na unakata kama wembe. Kwa hiyo tulipanga, tena tulipanga haswa. Tuliandika saa za maji kujaa na kupwa kwa siku zote. Tukachagua mwezi wa nane, upepo wa kusi ukiwa bado unaleta mawimbi ya maana. Tukanunua viatu vya mpira vya kukanyagia matumbawe, dawa ya vidonda, na kamba za akiba za kufungia ubao mguuni. Tulijua hata nani angembeba nani endapo mmoja wetu angechanika. Nilijivunia daftari lile kuliko cheti changu cha shule.

Tatizo lilikuwa Baba. Alikuwa mkulima wa miwa kule Kabuchai, mtu wa maneno machache, na mimi nilikuwa kifungua mimba wake. Alipopata habari za likizo zile mbili, aliniita akaniambia, "Sitaki siku moja kuletewa ubao bila mtu." Hakurudia tena, na hakuhitaji kurudia.

"Sasa nyumbani tunawaambia nini?" Ndiema aliniuliza siku ile.

"Mimi nasema ninaenda semina ya kanisa, Kisumu. Ni wiki moja tu, bana. Nani atajua?"

"Na kukitokea kitu?"

"Si ndiyo maana tumenunua dawa?"

Tukacheka. Kicheko kile nakionea aibu mpaka leo.

Jumamosi ya kuondoka nilipita nyumbani kuaga. Baba alikuwa ameketi nje, blanketi begani ingawa jua lilikuwa linawaka. Alikuwa akikohoa tangu mvua zianze, nasi tulikuwa tumekizoea kikohozi kile. Aliniuliza nitakuwa wapi. Nikamwambia Kisumu.

"Kisumu si mbali," alisema, akanipa mkono. Nilimdanganya nikimtazama usoni, kisha nikaenda zangu.

Sitakudanganya na wewe, mwanangu: mawimbi yalikuwa mazuri. Bahari ilifanya yote tuliyoandika daftarini. Kila asubuhi Bwana Shee, mwenye mashua, alitupeleka mpaka nje ya mwamba, akatia nanga na kutungoja. Siku tatu tuliteleza bila hata mkwaruzo, na mimi nikajiona mwanamume aliyejua kupanga mambo yake.

Alhamisi mchana tulikuwa nyumbani kwa Bwana Shee tukisubiri wali, redio yake ikiongea dirishani. Matangazo ya vifo yakaanza. Zamani hizo simu ya mkononi ilikuwa kitu cha matajiri, na msiba ulimfikia mtu kwa redio. Sikuwa nasikiliza. Kisha nikasikia Kabuchai. Mtangazaji alisema Mzee Simiyu amefariki jana baada ya kuugua kwa muda mfupi, atazikwa Jumamosi, ameacha mke na binti yake Nafula, na habari zimfikie mwanawe wa kwanza, Wekesa wa Kisumu, ambaye anaombwa arudi nyumbani haraka.

Wekesa wa Kisumu. Nchi nzima ilisomewa uongo wangu, nami niko pale na chumvi imenikaukia mwilini.

Ndiema alinishika mkono. Bwana Shee akatutazama, akauliza kama marehemu tulimjua.

"Ni babangu," nikamwambia.

"Pole sana, mwanangu." Akapunguza sauti ya redio. "Lakini huyo kijana wamesema yuko Kisumu."

Nikainuka kufunga mizigo.

Tuliondoka saa ile ile, na bado nchi ilikuwa ndefu kuliko muda niliokuwa nao. Nilifika Kabuchai Jumapili asubuhi. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa, udongo ungali mbichi, na watu wamebaki wachache. Mama aliniangalia akageuka. Nafula, dada yangu, ndiye aliyekuja kunipokea, na hakunipa mkono.

"Ulikuwa wapi?"

Nikamweleza ukweli wote. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mjomba amekutafuta Kisumu siku tatu," akasema. "Makanisa, hospitali, mpaka mochari. Baba alizidiwa Jumapili, kesho yake tu baada ya wewe kutoka hapa. Alikuwa na neno la kukuambia. Nikamwambia aniambie mimi, nitakufikishia. Akakataa. Kila jioni anasema ati Kisumu si mbali, Wekesa anafika saa hii, tumngoje. Mpaka Jumatano."

Sasa unaona nilichokifanya. Kama Baba angejua niko pwani, siku tatu za njia, angemwachia Nafula neno lile, na leo ningekuwa nalo. Nimezeeka nikilikisia. Labda lilikuwa la shamba, labda la Mama. Labda alitaka tu kunikaripia, na hilo karipio ningelipokea kwa furaha, walahi. Sijui, na hakuna wa kumuuliza.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi bahari. Nimekuona unavyokagua mawimbi ya wiki ijayo kwenye simu, na nasikia huko kwenye mwamba mnakokwenda mtandao haushiki. Kagua maji, kagua upepo, nunua viatu vizuri. Lakini kabla hujatoka, taja nyumbani jina halisi la mahali unapokwenda, na jina la mwenye mashua. Kama litaleta ugomvi, liache lilete. Mtu wako akijua uko mbali, atajua la kufanya na muda aliobakiwa nao. Akidhani uko karibu, atakungoja.

Nenda salama. Mungu akulinde juu ya maji yale na akurudishe na viungo vyako vyote, na siku utakayoingia mlango huu, uwakute hai wote uliowaaga.